Kuhakiki hojaji ya maumivu sugu ya bega iliyotafsiriwa kwa Kiswahili: je, alfa ya 0.96 inatosha?

Mwanafunzi wa Uzamili, Fiziotherapia

Salaam kwenu, wataalamu. Utafiti wangu unahusu watu ambao bega limewauma kwa zaidi ya miezi 3, yaani wale ambao maumivu yao huhesabiwa kuwa sugu. Nimechagua hojaji ya SPADI (Shoulder Pain and Disability Index, yaani kipimo cha maumivu na ulemavu wa bega), iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kwa sababu ni fupi na mgonjwa haichoki: ina maswali 13, ambapo 5 ni ya maumivu na 8 ni ya shughuli za kila siku, kama vile kuosha nywele, kuvaa shati la vifungo au kuweka kitu kwenye rafu ya juu. Kila swali hujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Alama ya mwisho huwa kati ya 0 na 100, na kadiri inavyopanda ndivyo hali ya bega ilivyo mbaya zaidi.

Baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, wafasiri wawili walitafsiri hojaji kutoka Kiingereza, kila mmoja peke yake, kisha tukakaa pamoja na kuunganisha kazi zao kuwa toleo moja. Mtu wa tatu, ambaye hakuwahi kuiona hojaji ya asili, alilirudisha toleo hilo katika Kiingereza. Lililorudi lilifanana na la asili karibu neno kwa neno, nasi tukaridhika. Niliwapa wagonjwa 42 wajaze. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyopatana, kwa maswali yote 13 ilikuwa 0.96. Wagonjwa 20 miongoni mwao walijaza tena baada ya siku 2 walipokuja kwa tiba, na uwiano wa Pearson (namba inayoonyesha jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja) kati ya majibu ya mara ya kwanza na ya pili ulikuwa 0.97.

Ninaambiwa kwamba namba hizi ni nzuri na kwamba niandike sasa. Hata hivyo, kuna mambo mawili yanayonikosesha utulivu. La kwanza ni kwamba wagonjwa 11 waliliacha wazi swali la kutoa kitu kwenye mfuko wa nyuma. La pili ni mama mmoja ambaye, alipokuwa akinirudishia karatasi yake iliyojazwa yote, aliniuliza kwa upole kama ule "mkono" uliotajwa ulikuwa kiganja au mkono mzima. Alikuwa ameshajibu kila swali, na majibu yake yamo ndani ya ile 0.96. Je, naweza kusema kwa haki kwamba hojaji hii imehakikiwa?

Mtakwimu wa Tiba

Ndugu mwanafunzi, swali la mama huyo lina uzito kuliko namba zako zote mbili, nami nitaanza kwa kukueleza kwa nini namba hizo hazikuweza kukuonya.

Alfa ya Cronbach huonyesha kama maswali yanapanda na kushuka pamoja. Haionyeshi yanapima nini. Mama aliyeelewa "kiganja" katika swali la kwanza na akaendelea kuelewa hivyo hadi mwisho atatoa majibu yanayopatana vizuri sana, na alfa itapanda. Tena alfa hupanda kwa sababu tu maswali ni mengi: maswali 13 yenye uwiano wa wastani wa 0.4 kati yao hutoa alfa ya takribani 0.90, na ukiyafanya 26 kwa uwiano uleule utafika kama 0.95 bila kupima chochote kwa ubora zaidi. Vigezo vilivyopendekezwa na Terwee na wenzake mwaka 2007, ambavyo bado hutumiwa sana, vinataka alfa iwe kati ya 0.70 na 0.95. Ikipita hapo, huwa tunashuku kwamba maswali yanarudia jambo lilelile, au kwamba wagonjwa walizungushia namba zinazofuatana kwa safu moja bila kuyatofautisha maswali. Fungua karatasi zako moja moja na utazame jambo hilo kwa macho kabla ya kuliuliza kwenye kompyuta.

Isitoshe, alfa hutegemea dhana kwamba maswali yote yanapima kitu kimoja. Kwa SPADI dhana hiyo haijatulia, kwa kuwa wapo watafiti waliopata sehemu mbili, ya maumivu na ya shughuli, na wapo waliokuta maswali yote yakikusanyika katika kundi moja. Kwa hiyo hesabu alfa ya kila sehemu kivyake, na ukitaka kuchunguza muundo kwa uchanganuzi wa fakta (njia ya kuona maswali yapi yanakusanyika pamoja), tafuta wagonjwa wasiopungua 100. Mwongozo wa COSMIN, wa kutathmini ubora wa hojaji za afya, hupendekeza mara 7 ya idadi ya maswali, yaani 91 kwako, lakini pia usishuke chini ya 100. Wagonjwa 42 ni wachache mno kwa kazi hiyo.

Sasa uthabiti wa majibu. Uwiano wa Pearson hauoni badiliko linalowapata wote kwa pamoja. Ikiwa kila mgonjwa wako alipungua alama 10 kamili mara ya pili, Pearson itakupa 1.00, ilhali hakuna hata mmoja aliyerudia jibu lake. Tumia ICC (kipimo cha uthabiti wa majibu yanayorudiwa) ya aina inayopima kukubaliana kwa majibu yenyewe, uandike wazi ni modeli ipi, na uichore pia tofauti ya kila mgonjwa dhidi ya wastani wake, kama Bland na Altman walivyofundisha mwaka 1986. Mchoro huo utakuonyesha papo hapo kama mara ya pili watu walishuka wote, au kama wenye maumivu makali ndio waliotawanyika.

Kisha uende hatua ambayo wengi huiacha: kosa la kipimo lenyewe, yaani kiasi alama inavyoweza kuyumba bila bega kubadilika. Tuseme, kwa mfano tu, mchepuko wa kawaida wa alama zako (kiasi zinavyotawanyika) ni 22 na ICC ni 0.88. Kosa la kipimo ni 22 ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha 0.12, yaani kama 7.6. Zidisha tena kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, utapata takribani 21. Maana yake ni kwamba mgonjwa mmoja akishuka kwa alama 15 baada ya tiba, huwezi kusema kwa uhakika kuwa amebadilika kweli. ICC ya 0.88 husifiwa kuwa nzuri, na bado hiyo ndiyo gharama yake kwa mtu mmoja aliye mbele yako.

Dokezo dogo kuhusu yale mapengo 11: taja katika maandishi yako namna ulivyokokotoa jumla. Mgonjwa mwenye 35 kati ya 50 za maumivu na 32 kati ya 80 za shughuli hupata 55 ukichukua wastani wa sehemu mbili, lakini hupata 51.5 ukigawa 67 kwa 130. Njia zote mbili zinatumika, na msomaji asipoambiwa hawezi kulinganisha kazi yako na ya mwingine.

Mfasiri wa Hati za Afya

Nimefanya kazi ya kutafsiri hojaji za wagonjwa kwa miaka mingi, na naomba nizungumzie sentensi yako moja: "lililorudi lilifanana na la asili karibu neno kwa neno, nasi tukaridhika." Hapo ndipo mngepaswa kuanza kuwa na wasiwasi.

Tafsiri rejeshi, yaani kulirudisha toleo katika lugha ya asili, humpendelea mfasiri anayeng'ang'ania maneno. Chukua swali la SPADI la kusukuma kitu. Ukiandika "kusukuma kwa kutumia mkono unaohusika", yeyote ajuaye Kiingereza atakurudishia sentensi ya asili bila kasoro, kwa sababu sentensi hiyo ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili. Mgonjwa akiisoma atauliza: unaohusika na nini? Ukiandika "kusukuma kitu kwa mkono wa upande wa bega linalouma", Kiingereza kitakachorudi kitakuwa tofauti kidogo, kamati italalamika, lakini mgonjwa ataelewa. Tafsiri rejeshi hugundua makosa makubwa, kama vile neno lililorukwa au maana iliyogeuzwa, na kwa hilo ina thamani yake. Haiwezi kukuambia kama mtu anayeumwa ameelewa.

Kuhusu "mkono", mama yule alikuwa sahihi kabisa kuuliza. Kiswahili hutumia neno moja kwa kitu ambacho Kiingereza hukigawa katika maneno mawili, na kwa hojaji za bega huo ni mtego wa kudumu. Hojaji ya DASH, nyingine ya matatizo ya mkono na bega, ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa jina lake lenyewe hutaja mkono, bega na kiganja kama vitu vitatu. Dawa yake ni kutaja mahali kila inapobidi: "mkono mzima kuanzia begani", au "kiganja na vidole".

Kuna neno jingine ninaloshuku limo katika toleo lako, ingawa hukulitaja. Sehemu ya pili huuliza mtu anapata ugumu kiasi gani kufanya jambo fulani. Kwa mtu mwenye afya, "ugumu" ni shida ya kutenda. Kwa mtu ambaye bega lake limekaza, "ugumu" ni hali ya bega lenyewe: bega gumu, bega lisilonyooka. Akiulizwa "una ugumu kiasi gani unapovaa shati?", anaweza kukupa kiwango cha kukaza kwa bega wala si kiwango cha taabu anayoipata. Mimi hupendelea "ulipata taabu kiasi gani ulipokuwa ukivaa shati lenye vifungo mbele?" Neno "ulemavu" nalo, likikaa juu ya karatasi kama sehemu ya jina la hojaji, humfanya mgonjwa ajihisi amekwisha kupewa hukumu kabla ya swali la kwanza. Andika herufi SPADI peke yake kwenye nakala ya mgonjwa, na jina kamili uliache kwenye ripoti.

Tazama pia muda. SPADI huuliza juu ya wiki moja. Ukiandika "wiki iliyopita", wapo watakaokumbuka wiki iliyoishia Jumamosi au Jumapili, na wapo watakaohesabu siku 7 kurudi nyuma kutoka leo. Andika "katika siku 7 zilizopita", basi, na mjadala umekwisha.

Mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000, ambao wengi hudai kuufuata, unataka wafasiri wawili wa awali, mmoja akiwa anajua mada na mwingine asiwe na habari nayo, kisha wawili wa kurejesha, kisha kamati, kisha majaribio kwa watu 30 hadi 40. Katika majaribio hayo kila mmoja huulizwa alivyoelewa swali na jibu lake lilimaanisha nini. Naona hatua hiyo ya mwisho haimo katika maelezo yako. Kaa na mgonjwa, msomee swali, mwombe alirudie kwa maneno yake, kisha umuulize: "Umechagua 7. Kwa nini si 5?" Jibu la swali hilo la pili hufichua mambo ambayo kamati nzima ya wataalamu haiwezi kuyaona. Kabla ya hayo yote, hakikisha una ruhusa ya wenye haki ya hojaji na kwamba hakuna toleo la Kiswahili lililokwisha kuandaliwa, kwa sababu matoleo mawili ya lugha moja yanayopishana ni hasara kwa kila mtu.

Mwanafunzi wa Uzamili, Fiziotherapia

Nashukuru sana kwa majibu haya. Nimekwenda kuangalia, na ni kweli: neno "ugumu" limo katika maswali yote 8 ya sehemu ya pili, na "mkono unaohusika" limo vilevile kama Mfasiri alivyokisia. Pia nimekuta karatasi 6 ambazo mgonjwa alichagua namba moja kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

Nina maswali mawili zaidi. Nilipanga kulinganisha SPADI na hojaji nyingine ya bega ili kuonyesha uhalali wake, lakini hiyo nyingine nayo ningelazimika kuitafsiri mwenyewe, na sioni vipi kipimo ambacho hakijahakikiwa kinaweza kuwa shahidi wa kingine. Pia sijui nifanye nini na swali la mfuko wa nyuma. Wengi wa walioliacha walikuwa na nguo zisizo na mfuko huo.

Fizio wa Mabega

Swali lako la kwanza ni la haki, na jibu langu linatoka kliniki. Huhitaji hojaji nyingine. Una vitu vya kulinganisha ambavyo havitegemei tafsiri ndefu: kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, na kiwango cha kuinua mkono na kuuzungusha kwa nje kinachopimwa kwa goniometa (kifaa cha kupima pembe za viungo). Andika utabiri wako kabla ya kuona data. Kwa mfano, sehemu ya maumivu ya SPADI iwe na uhusiano wa nguvu zaidi na kipimo cha maumivu kuliko na nyuzi za kuinua mkono, na wenye bega lililoganda wapate alama za juu katika sehemu ya shughuli kuliko wale wenye tatizo la kano ambao bado wanainua mkono hadi juu. Uhusiano na nyuzi usitarajie uwe mkubwa. Wapo wanaoinua mkono hadi nyuzi 160 na bado hawalali usiku kwa maumivu, na hojaji ipo hasa kwa ajili ya kuwasikiliza watu hao. Vigezo vilivyotajwa hapo juu vinataka angalau asilimia 75 ya utabiri wako itimie. Utabiri ulioandikwa baada ya kuona matokeo hauna thamani.

Kuhusu mfuko wa nyuma, jiulize bega linafanya nini katika tendo hilo. Linarudi nyuma na kuzunguka kwa ndani, na kwa mgonjwa mwenye bega lililoganda tendo hilo ni miongoni mwa yale yanayopotea mapema na kuchelewa kurudi. Ukilifuta swali, unaondoa sehemu muhimu ya ugonjwa. Tafuta tendo jingine lenye mwendo uleule, kama kupeleka mkono nyuma ya kiuno ili kuchomeka shati au kufunga kamba ya nguo. Tahadhari hiyohiyo itumie kwa swali la kugusa nyuma ya shingo: nimeona tafsiri iliyoandika "kisogo", na mtu anayeshika kisogo huinua bega juu zaidi ya anayegusa shingo. Kwa uzito wa pauni 10, usiishie kuandika kilo 4.5, kwa sababu wachache wanaoijua kilo 4.5 mikononi mwao. Dumu la lita 5 lililojaa maji linakaribia uzito huo, na karibu kila mtu amewahi kulibeba.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni zile siku 2. Muda huo ni mfupi mno, kwa maana mgonjwa anakumbuka alichoandika. Tena walikuja kwa tiba, na tiba hubadilisha bega. Maumivu sugu yana faida moja kwa mtafiti: mara nyingi hayabadiliki sana katika siku 7 hadi 14, kwa hiyo muda huo unafaa, mradi uwapime walio kwenye orodha ya kusubiri au kabla ya kuanza tiba mpya. Mara ya pili uliza swali moja la ziada: tangu mara ya kwanza, bega lako limepata nafuu, limezidi kuuma, au liko vilevile? Tumia kwa ICC wale waliosema liko vilevile, wasipungue 50. Waliobadilika usiwatupe, kwa kuwa ndio watakaokusaidia baadaye kuona kama hojaji inahisi mabadiliko. Tafiti mbalimbali za SPADI zimeweka badiliko dogo kabisa lenye maana kwa mgonjwa kati ya alama 8 na 13. Likilinganishwa na ile 21 ya mfano wa Mtakwimu, utaona kwa nini nasisitiza kosa la kipimo liandikwe: mgonjwa anaweza kuhisi nafuu ambayo chombo chetu, kwa mtu mmoja mmoja, hakiwezi kuithibitisha.

Mwisho, amua nani anajaza. Ikiwa baadhi wanasoma wenyewe na wengine wanasomewa, andika kila mmoja alijaza kwa njia gani, na usizichanganye njia hizo kwa mgonjwa mmoja kati ya mara ya kwanza na ya pili. Watu hutaja maumivu madogo kuliko yaliyopo wanapomjibu mtaalamu aliyewatibu. Anayesoma maswali asiwe yule anayewahudumia.

Mwanafunzi wa Uzamili, Fiziotherapia

Nimewahoji wagonjwa 5 tangu jana kwa njia aliyoieleza Mfasiri. Wanne kati yao, nilipowaomba waeleze swali la kuvaa shati kwa maneno yao, walinionyesha kwa mkono jinsi bega lilivyokaza; ni mmoja tu aliyezungumzia taabu ya kuvaa. Aliyechagua 7 alinieleza kwamba 10 ameihifadhi kwa siku atakayoshindwa kabisa kuinua mkono, hata kama leo analia kwa maumivu.

Nimezungumza na msimamizi wangu, naye amekubali. Majibu ya wagonjwa 42 yataripotiwa kama jaribio la awali la toleo la kwanza, pamoja na makosa yake yote. Kamati itakutana na wafasiri wawili wapya wa kurejesha watakaofanyia kazi toleo la pili, ambalo sasa lina "taabu" badala ya "ugumu", "siku 7 zilizopita", na kuchomeka shati nyuma badala ya mfuko. Utabiri wangu 8 nitauandika na kuukabidhi kwa msimamizi kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Mama aliyeniuliza kuhusu mkono amekubali kuwa miongoni mwa watakaohojiwa.